Kusoma Biblia Sambamba na Fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila mwaka wa masomo unapoanza, maswali ni yaleyale. Lazima niwe Mkristo? Lazima nijue Kiebrania? Nitumie Biblia gani? Niisome yote? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: mimi nimekuja kusoma Shakespeare, huyu Ayubu ametokea wapi?

Majibu ya haraka haya hapa. Hapana, si lazima uwe Mkristo. Kiebrania pia mara nyingi hakihitajiki. Kozi inayodai lugha hiyo itakwambia mapema. Biblia ya kutumia inategemea mwaka wa kazi unayoisoma, tutalifikia hilo katika hatua ya 2. Huna haja ya kuisoma yote kabla ya kuanza. Na Ayubu yumo kwa sababu kwa karne nyingi waandishi wa Kiingereza waliisikia Biblia tangu utotoni, wakawa wanaitaja bila kukutangazia kwamba wanaitaja. Usipoijua unapitwa na nusu ya mazungumzo.

Mwongozo huu ni wa anayesoma shahada yenye masomo yote mawili, na pia wa yule aliyekutana na kozi moja tu ya Biblia ndani ya shahada ya fasihi. Kanuni moja nitakuwa nikiirudia: kufanana kwa matini mbili hakukupi insha. Tofauti ndiyo inayokupa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Biblia mbili za Kiingereza. Moja ni King James ya 1611. Ya pili ni tafsiri ya kisasa yenye maelezo ya kitaaluma chini ya ukurasa. NRSV (New Revised Standard Version) ya 1989 hutumika sana vyuoni. Hakikisha angalau moja kati yake ina vitabu vya deuterokanoni, yaani vile ambavyo Waprotestanti huviita Apokrifa. Utaona sababu huko mbele.
- Biblia ya Kiswahili, kama unayo. Itakusaidia kushika kisa kwa haraka. Ila usiitegemee katika kutafuta mwangwi wa maneno, kwa sababu mwandishi wa Kiingereza aliyasikia maneno ya Kiingereza au ya Kilatini.
- Itifaki ya Biblia, ya kitabu au ya mtandaoni, ya kutafutia neno limetokea wapi na wapi.
- Toleo la kazi ya fasihi lenye tanbihi. Nakala tupu ya bure inatosha kwa kusoma kitandani, haitoshi kwa kazi hii.
- Daftari linalofunguka kurasa mbili kwa pamoja: kushoto Biblia, kulia kazi ya fasihi. Mwenye kutumia kompyuta atengeneze jedwali la safu mbili.

Hatua

1. Soma kifungu chote, hata kama umekihifadhi.

Hasa kama umekihifadhi. Mtu aliyelelewa kanisani hana Biblia peke yake kichwani. Ana Biblia pamoja na mahubiri, picha za ukutani, nyimbo na michezo ya Krismasi. Chukua kalamu ukahakiki. Tunda la Edeni haliitwi tofaa katika Mwanzo 3. Nyoka wa sura hiyo haitwi Shetani. Anayeunganisha majina hayo mawili ni Ufunuo 12:9, na Milton alipoandika utenzi wake Paradise Lost (1667) aliisoma Mwanzo kupitia Ufunuo. Mamajusi wa Mathayo 2 hawatajwi idadi. Paulo hana farasi katika Matendo 9. Binti aliyecheza mbele ya Herode hatajwi kwa jina la Salome katika Injili.

Kila mojawapo ya haya limewahi kuharibu insha ya mtu. Mwanafunzi anaandika kwamba mshairi "anafuata Biblia" wakati mshairi anafuata mapokeo yaliyokuja baadaye, au kwamba "anabadili Biblia" wakati aliyebadili ni mchoraji wa picha za ukutani.

Kama umelelewa katika Uislamu hauko nyuma ya mtu, pengine uko mbele, maana unawajua Ibrahimu, Yusufu, Musa na Ayubu. Angalia tu usichanganye matini. Katika sura ya As-Saffat (37:102) baba anamweleza mwanawe ndoto aliyoota, na mwana anaridhia. Jina la mwana halitajwi pale. Katika Mwanzo 22 mwana ni Isaka, haambiwi kwamba yeye ndiye sadaka, na anabaki kuuliza. Ukizijua simulizi zote mbili, ukimya wa Mwanzo utausikia kuliko mwenzako aliyezoea moja tu.

2. Chagua tafsiri kwa kuangalia mwaka.

Hili ndilo kosa nambari moja, na ndilo rahisi kulirekebisha.

- Mshairi Chaucer alifariki mwaka 1400. Biblia iliyotawala zama zake ni Vulgata, ya Kilatini. Ukitaka Kiingereza kinachoifuata Vulgata kwa karibu, tafuta Douay-Rheims (Agano Jipya 1582, la Kale 1609–1610).
- Shakespeare alifariki 1616. King James ilipotoka 1611, kazi zake nyingi zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Kwake yeye fungua Biblia ya Geneva (1560) na Biblia ya Maaskofu (1568). Zaburi alizisikia pia kanisani kupitia Kitabu cha Sala cha Waanglikana, ambacho kilitumia tafsiri ya Coverdale.
- Kuanzia katikati ya karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, anza na King James.
- Kwa waandishi wa karibuni angalia nukuu iliyo mwanzoni mwa kitabu, kisha ulinganishe maneno yake na tafsiri mbili tatu.

Biblia ya Geneva ina maelezo pembeni mwa kurasa, na wasomaji wengi wa zama zile waliyasoma pamoja na mistari yenyewe. Yasome na wewe. Mfalme James aliyachukia maelezo hayo, jambo ambalo peke yake linatosha kukufanya uyachungulie.

Tahadhari: tafsiri ya kisasa ni ya kukusaidia kuelewa. Usiitumie kuthibitisha kwamba mshairi John Donne ameazima neno.

3. Jua kifungu ni cha utanzu gani.

Hapa usikae sana. Jiulize: ni simulizi, sheria, wimbo, methali, unabii, mfano wa Yesu, barua au njozi? Ufunuo hausomwi kama barua ya Paulo, na Mhubiri hausomwi kama Mithali japo vimekaa jirani. Ukiwa kwenye Zaburi, tazama usambamba: nusu ya kwanza ya mstari inasema jambo, ya pili inalirudia, inalipindua au inaliongeza.

4. Hakiki Biblia kama unavyohakiki hadithi fupi.

Wengi huifanya Biblia "chanzo" na kazi ya fasihi ndiyo "sanaa". Matokeo yake Biblia inageuka kamusi ya kufungua na kufunga. Chukua Mwanzo 22:1–19, isome taratibu kwa penseli.

Msimulizi hasemi Ibrahimu alijisikiaje. Safari ni ya siku tatu na hatusikii neno lolote lililosemwa njiani, mpaka Ibrahimu anapowaaga watumishi. Kuni anabeba kijana. Moto na kisu, vitu vya hatari, vimo mikononi mwa baba. Maneno "wakaenda wote wawili pamoja" yanakuja katika mstari wa 6, mwana anauliza swali, baba anajibu, na katika mstari wa 8 maneno hayohayo yanarudi. Je, pamoja ya pili ni ileile ya kwanza? Kisha tazama mstari wa 19: Ibrahimu anarudi kwa watumishi wake. Isaka hatajwi.

Hayo yote umeyapata bila kujua Kiebrania na bila kufungua kitabu cha ufafanuzi. Ukishayaandika, sasa fungua hicho kitabu uone wataalamu wanasemaje. Ukianza na wataalamu utaona walichokiona wao tu.

5. Weka kurasa mbili ubavu kwa ubavu.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wilfred Owen alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla mapigano hayajasitishwa. Shairi lake The Parable of the Old Man and the Young ni fupi sana. Lisome sasa, kisha uandike kulia kila jambo lililokatwa, lililoongezwa au lililobadilishwa. Ukurasa wako utafanana na huu:

- Biblia inaanza na amri ya Mungu (mst. 1–2). Owen anaanza na mstari wa 3: mzee ameamka, anapasua kuni. Amri haipo. Hakuna aliyedai sadaka.
- Biblia inamwita Ibrahimu. Owen anamwita Abram, jina alilokuwa nalo kabla ya agano la Mwanzo 17.
- Owen anamwita Isaka mzaliwa wa kwanza, ilhali Ishmaeli alimtangulia (Mwanzo 16). Liandike hili, huenda likakufaa, huenda lisikufae.
- Maneno ya "wote wawili pamoja" yamebaki.
- Mwana anauliza mwana-kondoo yuko wapi. Katika Biblia baba anajibu. Kwa Owen hakuna jibu. Kinachofuata ni kufungwa kwa mikanda.
- Mahali pa madhabahu pamejengwa kuta za udongo na mahandaki.
- Malaika anaita na kumwonyesha mzee kondoo dume, tena anamtaja kuwa ni wa Kiburi. Mzee anakataa. Anamuua mwanawe, na nusu ya mbegu ya Ulaya, mmoja baada ya mmoja.
- Mishororo miwili ya mwisho ina vina, wakati iliyotangulia haikupangwa hivyo.

Sasa linganisha sentensi mbili za kufungulia insha. Ya kwanza: "Owen anatumia kisa cha Ibrahimu kuonyesha ukatili wa vita." Ni kweli, lakini haiendi popote, mhadhiri anajua utakachosema mpaka ukurasa wa mwisho. Ya pili: "Owen anaifuta amri ya Mungu iliyo mwanzoni mwa Mwanzo 22, na kwa kufanya hivyo anawanyang'anya wazee wa Ulaya kisingizio cha utii." Hii inakudai ushahidi, na ushahidi tayari uko kwenye safu yako ya kulia.

Mfano mwingine mdogo wa kujaribia mkono: Keats, katika shairi lake la 1819 kwa ndege aimbaye usiku, anamweka Ruthu akilia kwa kukumbuka kwao katikati ya mashamba ya ugenini. Fungua Ruthu 2 umtafute anayelia shambani.

6. Pima uzito wa dokezo.

Dokezo ni pale mwandishi anapoigusa Biblia bila kukutangazia. Ukishazoea hatua ya 5 utaanza kuiona Biblia kila mahali. Jizuie. Dokezo lina uzito likiwa na angalau mawili kati ya haya: maneno yanayofanana ambayo si ya kawaida, jina au kichwa cha habari, mfuatano wa matukio uleule, na uhakika kwamba mwandishi aliijua matini hiyo. Maji peke yake hayatoshi kuwa gharika. Mhusika anayeteseka bila hatia si lazima awe Yesu, na bustani nyingine ni bustani tu.

Melville anafaulu mtihani huu bila jasho katika riwaya yake Moby-Dick (1851): ana Ishmael, ana Ahab, ana mahubiri mazima juu ya Yona, na ukurasa wa mwisho unafunguliwa na maneno ya mjumbe wa Ayubu 1. Si kila kazi itakuwa na ukarimu huo.

7. Uliza: maneno haya yamo mdomoni mwa nani?

Mwandishi kuinukuu Biblia ni jambo moja. Mhusika kuinukuu ni jingine kabisa. Wahusika hunukuu vibaya, hunukuu nusu, hunukuu kwa faida yao.

Mke wa Bath, mhusika wa Chaucer katika The Canterbury Tales, anasema Paulo amempa mamlaka juu ya mwili wa mumewe. Fungua 1 Wakorintho 7:4. Mstari una pande mbili, mume na mke sawia; yeye ameondoka na upande mmoja. Insha imeshaanza hapo, na wala haihitaji kumhukumu mama wa watu: wanaume aliowasikia wakimhubiria walikuwa na mazoea gani ya kuchagua mistari?

Katika tamthilia ya Shakespeare The Merchant of Venice, tendo la 1 onyesho la 3, mkopeshaji Shylock anasimulia kondoo wa Yakobo (Mwanzo 30) kutetea riba. Antonio anamgeukia rafiki yake Bassanio na kumwambia kwamba hata ibilisi anaweza kutaja Maandiko. Kauli hiyo yenyewe inatoka kwenye Maandiko: katika Mathayo 4:6 ibilisi anainukuu Zaburi 91. Shylock na Antonio, wote wawili wameshika kitabu.

Ngũgĩ wa Thiong'o katika A Grain of Wheat (1967) anatupa mistari iliyopigiwa alama katika Biblia ya Kihika, mpigania uhuru. Kitabu ni kilekile kilicholetwa na wamisionari. Ni nani anayekisoma, na anapigia alama wapi, ndilo swali.

8. Rudi kwenye Biblia.

Wengi huiruka hatua hii. Ukimaliza kazi ya fasihi, soma tena kifungu cha Biblia uone kama kimebadilika machoni pako. Margaret Atwood ameweka Mwanzo 30:1–3 mwanzoni mwa The Handmaid's Tale (1985). Baada ya riwaya, rudi kwenye sura hiyo uhesabu maneno yanayosemwa na Bilha na Zilpa, vijakazi wanaozaa. Hakuna hata moja.

9. Andika na unukuu ipasavyo.

Biblia hunukuliwa kwa kitabu, sura na mstari, si kwa ukurasa. Taja tafsiri mara ya kwanza, na ukibadilisha tafsiri sema. Fuata mtindo wa idara yako kwa vifupisho. Epuka "Biblia inasema" kana kwamba ni mtu mmoja anayeongea. Sema Mhubiri, Luka, msimulizi wa Mwanzo. Mwanzo yenyewe ina simulizi mbili za uumbaji, ya pili ikianza katika 2:4, na hazifuati mpangilio mmoja.

Usihubiri, wala usiponde. Insha si mahali pa kumwokoa mhadhiri, na si mahali pa kumwonyesha mchungaji wako kwamba umeerevuka.

Ukikwama

*"Nimetafuta kwenye Biblia, sioni kitu."* Kwanza angalia deuterokanoni. Shylock anaposhangilia kwamba Danieli amekuja kuhukumu, wengi hukimbilia tundu la simba wakabaki wameduwaa. Danieli huyo ni kijana wa kisa cha Susana, anayewahoji wazee wawili kila mmoja peke yake na kuunasa uongo wao. Kisa hicho ni Danieli 13 katika Biblia ya Kikatoliki, na kimo kwenye Apokrifa ya Kiprotestanti. Pili, jaribu tafsiri nyingine. Tatu, kubali kwamba huenda hakimo: ule msemo wa jisaidie na Mungu atakusaidia si mstari wa Biblia.

*"Zaburi niliyoelekezwa haihusiani na shairi."* Hesabu zinatofautiana. Vulgata inafuata hesabu ya Kigiriki, hivyo Zaburi 23 ya King James ni ya 22 kwake, na De profundis, yaani 130, ni ya 129. Jaribu namba moja juu au moja chini.

*"Nimesoma kitabu kizima na si chenyewe."* Pengine umechanganya majina. Ecclesiastes ni Mhubiri. Ecclesiasticus ni Yoshua bin Sira, kitabu tofauti kabisa.

*"Itifaki inanipa matokeo mamia."* Usitafute neno kama mwanga au moyo. Tafuta neno adimu kuliko yote katika mshororo, au maneno mawili yanayokaa pamoja.

*"Muda hautoshi."* Anza na hivi: Mwanzo 1–4, 6–9, 11, 22 na 37–50, Kutoka 1–20, Waamuzi 13–16, Ruthu, 2 Samweli 11–18, Ayubu 1–3 na 38–42, Mhubiri, Wimbo Ulio Bora, Isaya 40 na 53, Yona, Mathayo 5–7, Luka 15, Yohana 1, 1 Wakorintho 13 na 15, Ufunuo 12 na 21–22. Zaburi soma mbili kila siku, kwa sauti. Mengine utayafuata kazi itakapokudai.

*"Insha imerudi imeandikwa: kwa hiyo?"* Umeorodhesha kufanana. Rudi hatua ya 5, chagua tofauti moja, ile inayokusumbua zaidi, na ufute aya zote zisizoihusu. Inauma, lakini insha itabaki na kitu cha kusema.

*"Semina zinanigusa imani."* Hutokea, kwa wanaoamini na pia kwa waliokwisha kuacha kuamini. Maswali ya darasani ni juu ya matini: imeandikwaje, imesomwaje, imetumiwaje. Unaweza kuyajibu yote bila kutangaza unachoamini, na mhadhiri mwenye adabu hatakuuliza. Akikuuliza mbele ya watu, mjibu kwa sura na mstari.